Pedi za Mbele

Duka la spea lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Watu walikuwa wamebanana mbele ya kaunta, kila mmoja ameshika kipande cha chuma chenye grisi na kukiinua juu ili aonekane.

"Injinia, plagi nne!"

"Injinia, mimi nilifika kabla ya huyu!"

"Injinia, tuhurumie, wengine tumeacha magari katikati ya barabara!"

Huyo Injinia hakuwa na cheti chochote cha uhandisi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mbili, amevaa blauzi ya rangi ya chungwa iliyokunjwa mikono hadi kwenye viwiko, kichwa amekifunga kitambaa chenye maua madogo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Duka lilikuwa la shangazi yake. Alilelewa humo ndani, na kusoma alijifunzia kwenye maandishi ya maboksi ya filta. Ukimwonyesha nati moja tu, alikuwa anaweza kukwambia imetoka kwenye gari gani na imelegea tangu lini.

Mwanaume aliyeingia saa hiyo alipishwa njia na kila mtu. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi vizuri mno, na watu walidhani ni mtu wa kodi. Suruali ilikuwa imemzidi kiunoni; mkanda ulikuwa na tundu jipya lililotobolewa kwa msumari.

"Nahitaji pedi za breki," alisema. "Za mbele."

"Za gari gani?"

Akafikiri. "Dogo. Jeupe."

Kaunta nzima ikaangua kicheko. Wanaume wengi wakichekwa pale hupandisha mabega au hupandisha sauti. Huyu alisubiri tu, mikono imetulia juu ya kaunta, mpaka kicheko kikaisha chenyewe. Injinia akavaa miwani amtazame vizuri.

"Twende ukanionyeshe hilo dogo jeupe," alisema, akazunguka kaunta.

Nje, aliinama kwenye tairi la mbele, akachungulia katikati ya ringi.

"Ukikanyaga linasemaje?"

"Linapiga kelele. Chuma juu ya chuma."

"Tangu lini?"

"Miezi minne."

"Miezi minne! Na unaliendesha?"

"Kazini na kurudi."

"Nani atakufungia?"

"Mwenyewe. Nyumbani."

"Umewahi?"

"Hapana."

Akaitazama mikono yake. Vidole virefu, safi, ila kwenye kucha kulikuwa na unga mweupe. "Wewe ni mwoka keki?"

"Natengeneza meno ya bandia."

Injinia akacheka hadi akashika boneti. "Basi, Meno, sikiliza. Breki si sehemu ya kujifunzia. Pedi nitakuuzia, lakini namba yako ya simu naichukua, na hufungui nati hata moja kabla hujanipigia. Sitaki mtu aniharibikie barabarani na boksi la duka langu kwenye gari."

Wawili watatu waliomfuata nje wakaguna kwa pamoja: "Ohooo!"

"Nyamazeni nyie! Hii ni huduma kwa mteja." Akamgeukia tena. "Gari lako?"

"La kaka."

"Naye kwa nini hakulitengeneza?"

"Hayupo."

"Amesafiri?"

Yule mwanaume akaligeukia gari. Nyuma yao gari la mizigo lilikuwa linapiga honi. "Ndiyo," akasema.

Kaka yake alikuwa amekufa miezi mitatu iliyopita. Figo. Kwa miaka miwili, mara tatu kwa wiki, mdogo mtu alimbeba kwa gari hilo hilo kumpeleka kusafishwa damu, akamsubiri saa nne kwenye kiti cha plastiki, akamrudisha. Pedi zile ziliishia kwenye taa za barabarani za njia hiyo moja. Siku ya mazishi alisimama kaburini kama aliyepita tu njia. Kesho yake alikwenda kazini akamaliza meno ya juu ya bibi mmoja, yakakaa sawasawa mara ya kwanza. Jamaa walisema ana moyo wa jiwe. Hakuwabishia. Yeye mwenyewe alijikagua usiku na mchana kama unavyopapasa shavu lililochomwa sindano ya ganzi, akakuta hapana kitu: si huzuni, si hasira, si hata ahueni. Chakula alikula kwa kutazama saa.

Injinia hakuwa na habari ya yote hayo. Alijua tu kwamba amemwona mtu mtulivu, na katika maisha yake ya kupigiwa kelele toka asubuhi hadi duka lifungwe, mtulivu hakuwa amemwona kwa karibu.

Jumamosi ya kwanza alisubiri simu. Haikuja. Akapiga yeye.

"Meno, umefunga?"

"Bado."

"Kwa nini?"

"Sina jeki."

"Wewe! Si ungesema? Jumamosi ijayo uwe nayo."

Jumamosi iliyofuata jeki ilikuwapo, lakini spana ya tairi haikuingia kwenye nati. Baadaye ikawa mvua. Baadaye ikawa kazi nyingi, watu watano wote wanataka meno kabla ya harusi moja. Boksi la pedi lilikaa juu ya friji, gari likaegeshwa ukutani, naye akawa anakwenda kazini kwa miguu kwa sababu Injinia alimkataza kuliendesha. Ila simu hazikuisha. Injinia alipiga jioni akifunga hesabu za duka, na Jumapili wakaanza kukutana kwenye kibanda cha chai nyuma ya kituo cha mafuta.

"Haloo, mpenda meno."

"Haloo, Injinia."

"Umekula?"

"Saa moja na nusu."

"Sikukuuliza saa, nimekuuliza chakula."

"Mkate na mayai."

"Ulikuwa mtamu?"

"Ulikuwa mkate."

Injinia alicheka. Alidhani ni mzaha wake, aina ya mzaha wa watu wapole. Alimsimulia shangazi: "Ana vichekesho yule, halafu mwenyewe hacheki!" Shangazi, mwanamke mnene aliyekaa kwenye kiti chake cha magurudumu madogo akikagua stakabadhi, alijibu bila kuinua uso: "Mtu asiyecheka vichekesho vyake, mchunguze kwanza kama alikuwa anachekesha."

Injinia hakuchunguza. Alikuwa ameshapenda. Alipenda alivyosikiliza bila kumkata kauli. Alipenda alivyomshika mkono wakivuka barabara, kwa uangalifu, kana kwamba ni plasta ambayo haijakauka. Na mwanaume yule, kama ungemuuliza, angekwambia kwamba Jumapili anapiga pasi shati mara mbili. Sababu asingeijua.

"Kaka yako akirudi," Injinia alikuwa akimtania, "nitamwambia mdogo wake alilifungia gari miezi miwili ukutani."

"Mwambie," alijibu.

Hatimaye Injinia akachoka. "Jumamosi hii nakuja mwenyewe. Saa nane nafunga duka, saa nane na nusu niko kwako."

Alifika amevaa suruali ya kazi ya buluu na fulana ya njano, kitambaa kichwani, begi la spana begani. Midomoni alikuwa amepaka rangi kidogo. Alijitazama kwenye kioo cha gari, akaifuta nusu.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili vya chini, na uwanja wa saruji wenye kipande tambarare karibu na jiko, kisha mteremko hadi kwenye geti. Injinia aliukagua kama hakimu.

"Tunafanyia hapa pa tambarare. Gia ya kwanza. Vuta breki ya mkono. Tofali nyuma ya tairi za nyuma, na mbele yake pia. Sasa legeza nati kabla hujainua, gari likiwa bado chini. Kanyaga spana kwa mguu, usiwe na aibu, nani anakuona?"

"Wewe."

"Mimi nimeona mengi."

Nati zikalia, zikalegea. Jeki ikainua upande wa kulia, tairi likatoka. Injinia akaonyesha kwa bisibisi.

"Hii diski. Hiki chuma kinachoikumbatia ndicho kalipa, ndani yake ndimo pedi zinamokaa. Fungua bolti ya chini, kalipa inafunguka kuelekea juu kama kifuniko. Usiiache ining'inie kwenye mpira wake, ifunge na waya. Haya."

Mikono ya mtengeneza meno ilifanya kazi kwa namna ambayo Injinia hakuwahi kuiona kwa fundi yeyote. Haikuharakisha wala kurudia. Pedi za zamani zilitoka zikiwa nyembamba kama biskuti iliyolambwa. Moja ilikuwa imekwisha kabisa, imebaki bati.

"Yesu na Maria, angalia hii! Miezi minne umetembelea bati!" Injinia aliigeuza kiganjani. "Ulikuwa unaenda wapi hivi?"

"Hospitali," alisema.

"Meno ya watu," Injinia akaitikia mwenyewe, akijua karakana yake iko nyuma ya kliniki, akaendelea na kazi.

Wakafungua kikopo cha mafuta ya breki, wakabana pistoni inayosukuma pedi kwa jiriwa irudi ndani taratibu, wakaangalia mafuta yasifurike. Pedi mpya zikaingia. Kalipa ikashuka, bolti ikakazwa. Walihamia upande wa kushoto, na huko Injinia hakumwelekeza tena. Alikaa juu ya tairi lililolazwa akamtazama akifanya yote peke yake, hatua kwa hatua, jasho likimtiririka shingoni, shati la zamani limemganda mgongoni.

"Meno."

"Naam."

"Nakupenda, unajua?"

Alikuwa ameshika bolti kati ya vidole viwili. Alisimama hivyo hivyo. Alitafuta ndani yake jibu la kumpa mwanamke huyu, akatafuta kwa haki kabisa, kila chumba, na kila chumba kilikuwa kimefagiwa. Hakutaka kumdanganya.

"Asante," akasema.

Akaingiza bolti mahali pake, akaikaza.

Injinia alinyanyuka polepole. Aliifuta mikono yake kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Haya," alisema. "Karibu." Sauti yake ilikuwa ya kaunta, ile anayomjibia mteja asiyemjua. Akakusanya spana zake kwenye begi. Matairi yakarudishwa, jeki ikashuka, nati zikakazwa kwa mkingamo. Na katika kukusanya spana na kukitazama kiatu chake na kujiambia moyoni asilie mbele ya huyu mtu, Injinia alisahau jambo ambalo asingelisahau hata angeamshwa usingizini: ukisharudisha pistoni ndani, kanyagio la breki huwa tupu. Lazima ulipige mara kadhaa gari likiwa limesimama, hadi liwe gumu, ndipo utoe gari.

"Nakwenda kufungua geti," alisema. "Litoe nje tulijaribu."

Alishuka mteremko, akampa mgongo, akaanza kupambana na komeo. Nyuma yake mwanaume alitoa tofali, akawasha gari, akaachia breki ya mkono. Gari likasogea ukingoni mwa mteremko, likaanza kushuka. Akakanyaga breki. Mguu ukazama hadi chini. Akakanyaga tena, ukazama tena. Fulana ya njano ilikuwa ikikua mbele ya kioo.

Akavuta breki ya mkono hadi mwisho. Tairi za nyuma zikakoroma kwenye saruji, gari likaserereka, likasimama.

Injinia aligeuka. Namba ya gari ilikuwa hatua moja kutoka magotini pake. Alipiga ukelele ambao jirani aliusikia jikoni kwake. Kisha akatazama kioo cha mbele, na alichokiona pale ndicho kilichomtoa machozi. Mwanaume alikuwa amekaa wima, mkono kwenye breki, uso mtulivu kama wa mtu anayesubiri chai.

Alishuka garini. "Samahani. Kanyagio lilikuwa tupu. Halikupigwa."

"Samahani?"

"Nilipaswa kulipiga kwanza."

"Ungeniua!"

"Ndiyo."

"Na ndivyo unavyosema? *Ndiyo?* Hebu nitazame. Mikono yangu inatetemeka, ona! Yako iko wapi? Hata hujashtuka! Mbwa akikatiza barabara watu hushtuka!"

Alitazama mikono yake. Ilikuwa imetulia. "Sijui niseme nini," alisema, na lilikuwa jambo la kweli kuliko yote aliyosema siku hiyo.

"Usiseme." Injinia akaokota begi. "Ulishasema asante. Imetosha."

Komeo lilifunguka kirahisi sasa.

Siku zikapita. Injinia alirudi kwenye kaunta yake, akahudumia, akatania, akafunga duka. Mchana alimlaani. Jioni alijilaani mwenyewe, maana ni yeye Injinia aliyesahau, na hilo hakumwambia mtu hata shangazi. Simu yake hakuipokea kwa sababu haikuita.

Iliyoita ilikuwa ya mwanaume, na aliyepiga alikuwa dada yake mkubwa.

"Yule wako wa spea hajambo?"

"Haji tena."

"Umemfanya nini?"

"Nusura nimgonge na gari."

"Mungu wangu! Kisha?"

"Kabla ya hapo aliniambia ananipenda."

"Ukamjibuje?"

"Asante."

Dada akavuta pumzi ndefu. "Mdogo wangu. Anajua habari za kaka?"

"Anajua amesafiri."

"Amesafiri! Hilo umelitoa wapi?"

"Aliuliza hivyo. Nikakubali."

"Basi kamwambie. Ni maneno mawili tu: kaka amekufa."

Baada ya simu alikaa akifikiri, akagundua kitu. Maneno hayo mawili hajawahi kuyatamka. Hospitalini muuguzi ndiye aliyeyasema. Kwa ndugu aliyasema dada. Kazini walikuwa wameshasikia. Alijaribu kuyasema pale pale sebuleni, kwa sauti, ukutani. Hayakutoka.

Tangu siku hiyo gari dogo jeupe likaanza kupita mbele ya duka. Saa kumi na moja jioni, kila siku. Lilipunguza mwendo kwenye kaunta, taa za breki zikawaka, kisha likaenda zake. Injinia aliliona siku ya kwanza akajifanya hakuliona. Siku ya tatu shangazi alisema, "Lile gari linatafuta nini?" Siku ya sita wateja wakawa wanajua: "Injinia, saa kumi na moja kasorobo hii, jitengeneze kitambaa!" Siku ya tisa, lilipotokea, aliweka chini boksi la plagi, akatoka akiwa na miwani usoni, akashuka kwenye lami, akasimama mbele yake.

Hakuwa amepanga. Miguu ilikuwa imeshafika.

Gari likasimama. Safari hii lilisimama mapema, kwa heshima, bila kelele hata kidogo. Nyuma yake honi zikaanza.

Injinia akaenda dirishani. "Angalau breki zinashika."

"Zinashika," alisema.

"Basi unatafuta nini hapa siku tisa? Kwako si upande huu. Kazini kwako si upande huu."

"Sijui. Kila siku nakata kona."

"We mama, tunataka kupita!" mtu akapayuka nyuma.

"Subiri kidogo, kaka, hufi!" Akamrudia. "Egesha. Uingie ndani. Ukisema asante tena nakufungia stoo."

Alimkalisha nyuma ya kaunta, juu ya boksi la filta, mahali pa watu wa nyumbani tu. Shangazi akasogeza kiti chake kuwapisha, akajitia kusoma stakabadhi. Wateja walikuwa wanne watano, wote masikio wazi.

"Sema," alisema Injinia kwa sauti ya chini.

"Niliposema asante, ndilo lililokuwa la kweli. Kingine chochote ningekuwa nakudanganya. Nimejitafuta humu ndani, hamna kitu. Hata siku ile ya geti. Niliona unakaribia kioo, nikajua nikikupoteza nimekwisha. Nilijua kwa kichwa. Mwili haukusikia."

"Tangu lini uko hivi?"

Mwanaume akaviunganisha vidole vyake. "Kaka hakusafiri."

Injinia akavua miwani.

"Kaka..." Midomo ikakaa wazi. Mtu kwenye kaunta alitaka kuuliza bei, shangazi akamtazama, akanyamaza. "Kaka amekufa," akasema. "Figo. Nilikuwa nampeleka kwa gari hili. Pedi ulizozishika ni za njia hiyo."

"Ooh, Meno." Akaweka mkono wake wenye grisi juu ya shati jeupe, begani, ukaacha alama ya vidole vinne. "Na mimi nakutania kila siku atarudi, atarudi."

"Hukujua."

"Nami nina langu. Kanyagio. Ni mimi niliyetakiwa kukwambia ulipige. Nilisahau kwa hasira ya asante yako. Nimekuwa nikikuchukia kwa kosa langu."

Mwanaume akatikisa kichwa kuonyesha haidhuru. Tone likadondoka kwenye suruali yake. Akalitazama. Likadondoka la pili. Akajigusa shavu, akatazama kidole kilicholowa kama mtu aliyekuta mafuta yanavuja asikojua.

"Sijui hii ni nini," alisema. "Sisikii kitu."

"Ni machozi."

"Lakini sisikii kitu."

"Yaache. Si lazima usikie leo."

Yakaja. Hayakuwa na kwikwi wala sauti. Yalitiririka tu, mengi, ya miezi mingi, yakilowesha kola iliyopigwa pasi, huku yeye amekaa wima na mikono magotini. Injinia alisimama karibu naye hadi watu wakaanza kusukumana. Ndipo akavaa miwani, akarudi kwenye kaunta, mkono mmoja ukiwa nyuma, ameshikwa vidole viwili.

"Injinia," aliuliza dereva mmoja, akinyoosha shingo kumwangalia yule wa juu ya boksi, "huyo jamaa vipi? Anaumwa?"

"Huyo ni wangu," alisema Injinia. "Wewe unataka filta ya gari gani?"